Keki Zinazonong'ona

Jumamosi asubuhi, mtu yeyote aliyepita nyuma ya nyumba yao alijua mambo mawili bila kuchungulia dirishani: kwamba nazi inakaushwa kwenye kikaango, na kwamba Redio ameshaamka. Nazi aliijua kwa harufu. Redio alimjua kwa sauti.

Redio alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina lake la kweli lilibaki shuleni, midomoni mwa walimu. Nyumbani na mtaani aliitwa Redio, kwa sababu akishawaka hazimiki. Alianza kuongea kabla hajafumbua jicho la pili, akaongea akipiga mswaki, akaongea akifagia. Baba yake, fundi wa pikipiki, alikuwa na maneno yake kila alipotoka kwenda gereji. "Mama yake, mimi naondoka. Nikuachie redio hivyohivyo, au niipunguze sauti kwanza?" Redio alicheka kuliko wote, kisha akaendelea pale alipoishia.

Mama yake alikuwa mwokaji. Hakuwa na duka wala kibao cha kujitangaza. Aliokea jikoni kwake, kwenye oveni ya gesi ya zamani, na wateja walimfuata kwa kusikia kwa wenzao. Alioka vitu vingi, lakini kilichomjengea jina ni keki ndogo za nazi, zile za vikombe vya karatasi, zenye krimu ya chokoleti juu. Zilikuwa laini mno. Ukizibonyeza kwa kidole zinabonyea na kurudi, na ukizing'ata unapata tui kwanza, halafu chenga za nazi, halafu chokoleti inakuja taratibu nyuma, kama mgeni mwenye adabu.

Ulaini ule haukuja bure. Ute wa mayai ulipigwa peke yake mpaka ukawa povu jeupe, kisha ukaingizwa kwenye rojo kwa mwiko, kwa kukunja polepole, bila kukoroga. Povu hilo ndilo lililoziinua keki, na povu halina mifupa. Oveni ikifunguliwa mapema, ubaridi ukiingia, keki hushtuka na kuzama katikati. Ikishazama haiinuki tena, hata uibembeleze vipi.

Tatizo ni kwamba kioo cha mlango wa oveni kilikuwa kimeungua siku nyingi, hakikuonyesha kitu. Saa nayo haikusaidia, maana moto ulipanda na kushuka kwa kadiri ya gesi iliyobaki mtungini. Kwa hiyo mama alioka kwa pua na masikio. Kwanza alingoja harufu ya nazi itoke jikoni, ipite ukumbini, ifike sebuleni. Kabla ya hapo mlango wa oveni haukuguswa. Harufu ikishafika, aliitoa trei, akainamisha sikio karibu nayo na kufumba macho. Keki ambayo haijaiva ndani huwa inanong'ona, kwa sababu unyevu wa katikati bado unachemka kidogokidogo. Ikiiva, hunyamaza. Kijiti cha kuchomea alikitumia kwenye keki kubwa tu. Hizi ndogo, alisema, ukizitoboa unazitoa pumzi.

"Ikiwa bado inaongea, irudishe," mama alizoea kusema. "Ikinyamaza, itoe."

"Basi mimi sitaiva kamwe," Redio alijibu siku moja, na mama akacheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi tunayoisimulia, mama aliamka na mafua makali. Pua ilikuwa imeziba, masikio yameziba, na sauti inakwaruza. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa na kazi kubwa. Fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye watu walimwita Mama Sindano, alikuwa anawaaga wanafunzi wake waliomaliza kujifunza kushona, na alikuwa ameagiza keki ndogo za nazi kwa ajili ya wageni wote. Mmoja wa wageni hao alikuwa mama mwenye mgahawa wa karibu na stendi. Yeye alikuwa ametuma neno kwamba angependa kuzionja kwanza. Zikimridhisha, mama angempelekea keki kila siku, ziuzwe kwenye kabati lake la kioo. Mama alikuwa anaisubiri nafasi hiyo tangu mwaka uliopita.

Baba alipendekeza kazi iahirishwe. Mama akatikisa kichwa. "Mahafali hayaahirishwi kwa sababu ya pua yangu. Lakini mwenye mafua hagusi chakula cha watu. Nikipiga chafya moja juu ya rojo, nitakuwa nimewagawia wageni ugonjwa badala ya keki." Kisha akamgeukia binti yake. "Leo utaoka wewe."

Redio alinyamaza. Baba akasema hilo tu lingestahili kupigwa picha.

Mama alijifunga barakoa, akaweka kigoda chake mlangoni pa jiko, upande wa nje. "Leo mikono ni yako," alisema. "Na pua ni yako, na masikio ni yako. Mimi sinusi kitu, na wewe mwenyewe nakusikia kama uko ndani ya pipa. Nitakuuliza, na utakachoniambia ndicho nitakachokishika. Sawa, mwanangu?"

"Sawa, mama. Usiwe na wasiwasi."

Alikuwa ameitamani siku hiyo kwa muda mrefu. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akafunga nywele, akavaa aproni ya mama iliyomfika karibu na vifundo vya miguu. Alipiga siagi na sukari mpaka zikapauka, akaongeza viini vya mayai kimoja kimoja, akatia unga uliochekechwa na tui kwa zamu. Mama alimwongoza kwa kidole na kwa maneno machache. Povu lilipoingia kwenye rojo, Redio alilikunja kwa mwiko, kwa uangalifu, hata ulimi ukamtoka nje kidogo bila yeye kujua.

Trei ya kwanza ilikwenda vizuri. Harufu ilipofika sebuleni, Redio aliitoa, akainama, akasikiliza. Kweli, zilinong'ona. Ilikuwa sauti nyembamba, kama soda iliyokwisha kumiminwa kwenye glasi. Akairudisha trei, akangoja, akaitoa tena. Kimya.

"Zimenyamaza?" mama aliuliza.

"Zimenyamaza, mama."

"Basi ziache zipoe. Mkono wako mzuri."

Trei ya pili ilipoingia, dawa ya mafua ilikuwa imeshaanza kumlegeza mama. Macho yalikuwa yanafumba yenyewe hapo hapo kwenye kigoda. "Acha nijinyooshe sebuleni kidogo," alisema. "Ukitaka kujua kama harufu imefika, uje usimame huko mwenyewe unuse. Usibahatishe." Redio akaitikia, na mama akaenda kujilaza kwenye kochi.

Hapo ndipo Njiti alipotokea dirishani. Njiti alikuwa rafiki yake wa nyumba ya jirani, msichana mwembamba kama njiti ya kiberiti, na mwepesi wa kuwaka vilevile. Aliegemeza viwiko kwenye dirisha na kutazama aproni.

"Nani kakuvika hema?"

"Hema lako mwenyewe. Leo mimi ndiye mwokaji," Redio alisema. "Mama anaumwa. Zile pale nimezioka peke yangu, na nyingine ziko ndani."

"Peke yako? Nenda zako huko. Mama yako kazioka, wewe umeosha bakuli."

Neno hilo lilimchoma Redio. Alieleza kuhusu povu, akaeleza kuhusu tui, akaeleza jinsi baba alivyotaka kumpiga picha. Njiti alisikiliza huku anatafuna kucha na kusema, "Mh," ile "mh" ya mtu asiyeamini. Redio akashindwa kuvumilia.

"Njoo uone basi."

Njiti alizunguka akaingia kwa mlango wa nyuma. Redio akafungua oveni, wazi kabisa, ili rafiki yake aone vizuri. Keki zilikuwa zimevimba vizuri ndani ya vikombe vyake, zimeng'aa juu, zimepata rangi ya dhahabu pembeni. Njiti aliinama kuzitazama na joto likampiga usoni.

"Kumbe kweli," alisema. "Kumbe unaweza."

Hakuna kitu Redio alichopenda kama kuambiwa kumbe unaweza. Aliuacha mlango wazi huku akieleza ipi imevimba zaidi na kwa nini. Alipokumbuka kuufunga, aliufunga kwa kishindo. Kisha wakaanza kuyeyusha chokoleti kwenye bakuli juu ya maji ya moto, na mazungumzo yakahamia kwa mwalimu mpya wa hesabu, jinsi anavyotembea na jinsi anavyopiga chafya.

"Vipi huko?" Sauti ya mama ilitoka sebuleni, imekwaruza. "Zimenyamaza?"

Redio alishtuka. Hakuwa amekwenda sebuleni kunusa. Aliitoa trei haraka na kuiweka mezani, akainama kama mama anavyoinama. Lakini Njiti alikuwa katikati ya kuigiza ile chafya, na Redio mwenyewe alikuwa bado anacheka, kwa hiyo alichosikia ni kicheko chake tu.

"Zimenyamaza, mama," alijibu kwa sauti kubwa.

"Una hakika?"

Angeweza kusema, ngoja nisikilize tena. Lilikuwa jambo la muda mfupi tu. Lakini ulimi wake ulikuwa umezoea kutangulia. "Ndiyo, nina hakika."

Keki zilipoanza kupoa, zilianza kuzama. Moja ilibonyea katikati polepole, ikafuata ya pembeni yake, na baada ya muda trei nzima ilikuwa na mashimo, kama mito iliyolaliwa usiku kucha. Redio aliibonyeza moja. Ilibonyea na haikurudi. Aliipasua, akaona katikati pana unyevunyevu, rojo ambalo halijawa keki.

"Ala," alisema Njiti kwa sauti ndogo. "Sasa?"

"Sasa nini? Krimu itafunika."

"Na ndani je?"

"Ndani nani ataona?" Redio alisema, akilivuta bakuli la chokoleti. "Na wewe usiende kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Umenisikia?"

Njiti akainua mikono kuonyesha kwamba hana mtama wowote. Mara akakumbuka kwamba ameitwa kwao, akaondoka.

Redio alipiga ile chokoleti na siagi mpaka ikawa krimu nzito, akaijaza kwenye mfuko wa kupambia. Keki za trei ya kwanza alizipamba kama alivyofundishwa, kwa mzunguko mmoja unaopanda. Zile za pili alizijaza shimo kwanza, kisha akazungushia juu. Alinyunyiza chenga za nazi. Zote zikafanana. Ukisimama mbali, za trei ya pili ndizo zilizoonekana nono zaidi.

Nzuri alizipanga kwenye boksi la juu. Zile nyingine akaziweka kwenye boksi la chini.

Mama aliamka, akaja mpaka mlangoni, akatazama maboksi kabla hayajafungwa. Macho yake, yaliyokuwa mekundu kwa mafua, yalitulia. "Mwanangu," alisema. "Umenistiri leo. Nilikuwa nimelala pale nawaza, nani atanisaidia? Kumbe ninaye."

Redio aliinama kukaza kamba za viatu.

Kwa Mama Sindano hapakuwa mbali. Redio alitembea katikati ya njia, mikono imekumbatia maboksi, na hakumsemesha mtu. Mwenye duka la kona alimwuliza kama betri zimekwisha. Hakucheka.

Chumba cha kushonea kilikuwa kimefagiwa, vyerehani vimesogezwa ukutani, viti vimepangwa. Wageni walikuwa bado hawajafika. Wanafunzi walikuwa wamesimama mstari mmoja, kila mmoja na gauni alilolishona mkononi, na Mama Sindano alikuwa anayakagua. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye tepu ya kupimia shingoni na miwani kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, Mama Sindano."

"Marahaba, mwanangu. Weka pale mezani. Mama yako kanipigia simu, kasema zote umezioka wewe. Leo nitakusimamisha mbele ya wageni wakuone. Hebu ngoja kidogo nimalize hapa."

Redio aliweka maboksi na kungoja. Aliona jambo la ajabu. Mama Sindano alipokabidhiwa gauni, hakulitazama. Aliligeuza kwanza, nje ikaingia ndani, kisha akapitisha kidole gumba kwenye mishono yote, mmoja baada ya mwingine, kwenye kwapa, kiunoni, kwenye pindo.

"Mbona huangalii nje?" Redio aliuliza. Swali lilimtoka lenyewe.

"Nje hata mpita njia anaangalia," alijibu Mama Sindano bila kuinua kichwa. "Atakayelivaa ndiye anayeishi na ya ndani."

Mwanafunzi wa mwisho, dada mrefu mwenye gauni la buluu, alilitoa gauni lake polepole. Kabla halijageuzwa, alisema, "Mwalimu, kwapa la kushoto nilishona vibaya, halafu nikafunika kwa bitana. Naomba nilifumue." Mama Sindano akamtazama juu ya miwani. "Fumua basi. Muda upo." Hakusema zaidi ya hapo. Yule dada akachukua mkasi mdogo na kukaa kwenye kona, na uso wake ulikuwa umepata nafuu.

Redio aliaga. Alifika mpaka getini. Hapo miguu ikagoma. Akilini alimwona mama mwenye mgahawa anainua keki kutoka boksi la chini, anaing'ata mbele ya watu, anaitema kwenye kitambaa. Aliona watu wakinong'onezana jina la mama yake. Na mama mwenyewe alikuwa kwenye kochi, hasikii, hanusi, anasema kumbe ninaye. Machozi yakamjaa.

Alirudi ndani, moja kwa moja mpaka mezani, akalichukua boksi la chini.

"Mama Sindano, hili nalirudisha nyumbani. Ndani hazijaiva. Nimezifunika kwa krimu."

Mama Sindano alivua miwani. "Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi nenda ukamwambie yeye kabla ya mtu mwingine. Wageni wangu watakuja baada ya chakula cha mchana. Mkiwahi kuleta nyingine, sawa. Msipowahi, tutakula za boksi la juu, kila mtu nusu. Nenda."

Nyumbani, mama alikuwa amekaa kwenye kochi na kikombe cha maji ya moto. Redio aliweka boksi chini na kusimama mbele yake. "Mama, nilikudanganya," alisema kwa sauti ya chini, akitazama zulia.

Mama akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Unasemaje?"

"Nilikudanganya."

"Sema kwa sauti, mwanangu. Masikio yameziba."

Mtoto ambaye siku zote aliambiwa apunguze sauti, sasa aliombwa aipandishe, na hakuwahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Madirisha yalikuwa wazi. Nje Njiti alikuwa anaanika nguo, na jirani mwingine anaosha vyombo. Redio alivuta pumzi.

"Nilikudanganya, mama! Keki hazikunyamaza! Sikusikiliza! Nilifungua oveni nimwonyeshe Njiti, zikazama, nikazifunika!"

Vyombo vya jirani vilinyamaza. Mama aliweka kikombe mezani. Alifungua boksi, akatoa keki moja, akaipasua katikati, akalitazama lile rojo. Redio alitamani agombezwe, yaishe. Mama hakugomba.

"Keki kuzama si kitu," alisema mwisho. "Nimezamisha keki nyingi kuliko ulizokula. Lakini leo nilikuomba masikio, wewe ukanipa mdomo." Sauti yake ilikatika, na haikuwa kwa mafua. "Hilo ndilo limeniuma."

Redio alilia. Mama alimwacha alie kidogo, kisha akainuka na kuvaa barakoa yake.

"Mayai yamebaki?"

"Hayatoshi."

Dirisha likakohoa. Kichwa cha Njiti kilikuwa pale, macho chini. "Kwetu yapo," alisema. "Na mimi nilichangia kosa. Naleta." Akarudi na mayai kwenye bakuli, na hakuthubutu kuvuka kizingiti cha jiko. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya mama, amekunja mikono, kimya kama kisanduku cha viberiti kilicholowa.

Redio alianza upya. Aliosha mikono, akapiga siagi, akapiga ute. Trei ilipoingia, alifunga mlango wa oveni kwa upole na kwenda kusimama sebuleni. Alisimama pale na pua yake, hajibu kitu, haulizi kitu. Harufu ilichelewa. Ilifika ukumbini, ikasita, ikaja. Hapo ndipo aliporudi jikoni.

Alitoa trei, akainama na kufumba macho. Nyumba nzima ilikuwa imetulia, hata jirani alikuwa amefunga bomba lake. Kwanza alisikia moyo wake. Halafu akazisikia, sauti nyembamba, nyingi, zinanong'onezana ndani ya vikombe vya karatasi.

"Zimenyamaza?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

Jua lilikuwa limeshapanda, na wageni wa Mama Sindano walikuwa pengine wanavaa viatu. Redio alitamani kusema ndiyo kuliko neno lolote lingine duniani.

"Bado, mama. Zinaongea."

"Basi zirudishe."

Alizirudisha. Alingoja. Alizitoa tena na kusikiliza, na safari hii hakusikia kitu. Alisogeza sikio karibu zaidi mpaka joto likamchoma shavu, akahakikisha. "Sasa zimenyamaza," alisema.

Zilipopoa, hazikuzama. Alizipamba kwa mzunguko mmoja unaopanda, bila kuficha kitu, na Njiti akambebea boksi mpaka kwa Mama Sindano. Wageni walikuwa wameshakaa, lakini sahani zilikuwa bado hazijapitishwa. Mama mwenye mgahawa alichukua keki kutoka kila boksi. Alimwita Redio karibu.

"Mama Sindano kaniambia kulikuwa na boksi jingine," alisema.

Masikio ya Redio yakawaka moto. "Lilikuwepo. Sikusikiliza vizuri, zikaharibika, nikazificha. Kosa ni langu, si la mama."

Yule mama alitafuna taratibu, akapangusa chenga za nazi kwenye kidole. "Mwambie mama yako akipona nitampitia. Kwenye kabati langu nataka keki za nyumba ambayo ikikosea inasema." Kisha akachukua nyingine.

Jioni baba aliporudi, keki zilizoharibika zilikuwa zimekatwakatwa na kurudishwa kwenye oveni mpaka zikakauka na kuwa ngumu, zinalika kama biskuti. Mama alikuwa hatupi chakula. Baba alitafuna moja, akasifu, akauliza ni aina gani mpya. Redio alimweleza yote, hakubakiza. Alipomaliza, mama alimvuta akae karibu yake kwenye kochi.

"Sikiliza," alisema. "Leo sikuwa na pua wala masikio. Nilikuwa na wewe tu. Mtu akikutegemea namna hiyo, neno lako ndilo analokanyagia. Ukimpa neno bovu, anaanguka bila kujua kilichomwangusha. Kukosea, utakosea sana, kazi ndivyo inavyofundishwa. Lakini kosa likisemwa mapema lina dawa. Likifunikwa, linaiva vibaya ndani, na siku likipasuka unaaibika wewe na aliyekuamini. Umerudi na boksi lako mwenyewe, bila kukamatwa. Hilo nimeliona, na nimelishika."

"Nilidhani hutaniamini tena," Redio alisema.

"Tutaona Jumamosi ijayo," alijibu mama.

Jumamosi ikafika. Mafua yalikuwa yamekwisha na masikio ya mama yalikuwa yamefunguka. Harufu ya nazi ilifika sebuleni. Mama aliitoa trei, akaiweka mezani, lakini hakuinama. Alimwita Redio.

"Hebu sikiliza wewe."

Redio aliacha hadithi yake katikati. Alifumba macho, akainamisha sikio, akakaa hivyo kwa muda. "Bado zinaongea kidogo, mama. Hasa hizi za kona."

Mama aliichukua trei na kuirudisha ndani ya oveni, bila kuisikiliza yeye mwenyewe.